Soma kwanza, saini baadaye: Masharti ya msaada wa kianzio cha nyumba Marekani

MALI bila daftari hupotea bila habari, na mali kubwa kuliko zote ambazo familia ya kawaida hununua maishani ni nyumba. Nchini Marekani methali hiyo imegeuzwa kuwa sharti. Mnunuzi wa nyumba ya kwanza anayetaka serikali ya jimbo au halmashauri ya mji imsaidie kianzio, yaani fedha taslimu anazotakiwa kutoa mfukoni kabla benki haijamkopesha zilizobaki, mara nyingi hutakiwa kwanza kuhudhuria darasa la ununuzi wa nyumba na kupewa cheti. Bila cheti hicho, fedha hazitoki.

Suala hili linawagusa wasemaji wa Kiswahili wengi kuliko inavyodhaniwa. Wakimbizi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambao wengi wao waliishi miaka mingi katika kambi za Nyarugusu mkoani Kigoma na Kakuma nchini Kenya, ndio waliokuwa kundi kubwa kuliko yote la wakimbizi lililopokewa Marekani katika mwaka wa fedha wa 2016, kisha wakaongoza tena mwaka 2018 na 2019. Leo wako Kentucky, Ohio, Texas na kwingineko, wakifanya kazi katika maghala, viwanda vya nyama na nyumba za kutunzia wazee. Baada ya miaka kadhaa ya kulipa pango, wanaanza kuulizia nyumba. Ndugu zao waliobaki huku wana maslahi katika jambo hilo, kwani kiasi kinachotumwa nyumbani kila mwezi hutegemea kinachobaki baada ya paa kulipiwa.

Kikwazo cha kwanza ni kianzio. Mkopo unaodhaminiwa na Mamlaka ya Nyumba ya Serikali Kuu, maarufu kama FHA, iliyoanzishwa mwaka 1934, humtaka mwenye alama 580 au zaidi za historia ya kukopa atoe angalau asilimia 3.5 ya bei. Kwa nyumba ya dola 200,000 hizo ni dola 7,000. Mwenye alama kati ya 500 na 579 hutakiwa kutoa asilimia 10. Juu ya hapo kuna gharama za kukamilisha mauziano: ada za benki, uthamini, uchunguzi wa hati miliki, bima na kodi zinazolipwa kabla. Hizo nazo zinaweza kufika dola elfu kadhaa.

Ndipo msaada wa kianzio unapoingia. Baadhi ya fedha hutoka serikali kuu kupitia mfuko wa HOME, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1990 na kugawiwa majimbo na miji. Kanuni za mfuko huo zilizotolewa mwaka 2013 zinaagiza kila mnunuzi anayefaidika nao apate ushauri wa nyumba. Fedha nyingine hutoka katika wakala wa nyumba wa kila jimbo. Hata Fannie Mae, kampuni kubwa inayonunua mikopo kutoka kwenye mabenki, ina mpango wa kianzio cha asilimia 3 unaoitwa HomeReady. Kama waombaji wote ni wanunuzi wa mara ya kwanza, angalau mmoja wao lazima apite darasani.

California ilionyesha jinsi fedha hizo zinavyogombewa. Mwezi Machi 2023 jimbo hilo lilifungua mfuko wa dola milioni 300 wa kuwapa wanunuzi hadi asilimia 20 ya bei ya nyumba, kwa makubaliano kwamba jimbo litapata sehemu ya faida nyumba itakapouzwa. Fedha hizo ziliisha ndani ya siku 11. Mwaka uliofuata ikabidi waombaji wachaguliwe kwa bahati nasibu.

Darasani kunafundishwa nini

Kozi ya kawaida huchukua saa chache hadi nane, ukumbini au kwa intaneti. Huendeshwa hasa na mashirika yasiyo ya kibiashara yaliyoidhinishwa na Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji. Msingi wa huduma hiyo ni sheria ya mwaka 1968. Baadhi ya kozi ni za bure, nyingine hutozwa ada ya makumi ya dola.

Mada zake si ngeni kwa mtu aliyewahi kuendesha duka au shamba: bajeti, madeni, kulinganisha mikopo, kukagua mali, kutunza nyumba baada ya kuinunua. Lakini kuna mambo mawili matatu ambayo peke yake yanatosha kulipa saa hizo nane.

La kwanza ni tofauti ya mthamini na mkaguzi. Mgeni huambiwa kwamba benki imemtuma mtu kuitazama nyumba, akaridhika. Mtu huyo ni mthamini, na kazi yake ni kuihakikishia benki kwamba nyumba ina thamani ya mkopo. Hapandi darini kutafuta panapovuja, wala hafungui tanuru la kupashia joto kuona kama litavuka majira ya baridi. Hiyo ni kazi ya mkaguzi, ambaye mnunuzi humtafuta na kumlipa mwenyewe. Anayeruka hatua hiyo ili kuokoa dola mia kadhaa anaweza kukuta paa la dola elfu kadhaa likimsubiri.

La pili ni rangi. Nyumba nyingi za bei nafuu katika miji ya viwanda ya zamani zilijengwa kabla ya mwaka 1978, mwaka ambao rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku majumbani. Rangi hiyo ikibanduka huwadhuru watoto wadogo, hasa ubongo. Sheria inamtaka muuzaji wa nyumba ya namna hiyo aeleze anachokijua kuhusu rangi, na inampa mnunuzi siku 10 za kuipima nyumba kwa gharama zake, isipokuwa wamekubaliana vingine. Tatizo ni kwamba taarifa hiyo huja katikati ya rundo la makaratasi, ikasainiwa pamoja na mengine.

La tatu ni nyaraka mbili ambazo benki inalazimika kutoa tangu Oktoba 2015. Moja ni makadirio ya mkopo, kurasa tatu, yanayotolewa ndani ya siku tatu za kazi baada ya maombi. Nyingine ni taarifa ya mwisho, kurasa tano, ambayo mnunuzi anapaswa kuipata angalau siku tatu za kazi kabla ya kusaini. Mpangilio wake unafanana benki zote, hivyo anayejua mahali pa kutazama anaweza kuzilinganisha benki tatu kwa nusu saa.

Je, masomo haya yana faida? Mwaka 2001, watafiti wa Freddie Mac, kampuni mwenza wa Fannie Mae, walichapisha uchambuzi wa mikopo karibu 40,000 iliyotolewa kwa watu wa kipato cha chini na cha kati. Waliopata ushauri kabla ya kununua walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 19 wa kuchelewesha malipo kwa siku 90. Namna ya kufundishwa ilileta tofauti kubwa. Waliokaa na mshauri ana kwa ana, pungufu lilikuwa asilimia 34. Waliokaa darasani, asilimia 26. Waliojisomea nyumbani, 21. Waliofundishwa kwa simu hawakuonyesha nafuu ya maana.

Takwimu hizo zisimezwe nzima. Huenda mtu anayekubali kukaa na mshauri saa mbili alikuwa mwangalifu tangu mwanzo. Hata hivyo, zinadokeza jambo ambalo walioandika masharti ya msaada hawakulipa uzito, nalo ni kwamba cheti cha kubofya kurasa usiku na cheti cha kukaa mezani na mtu aliyeshika hati zako za mshahara vinaweza kuonekana sawa mbele ya afisa mkopo, lakini si kitu kimoja.

Fedha ya bure ina bei

Jambo ambalo mnunuzi hulihitaji zaidi darasani ni hesabu ya msaada wenyewe. Ohio inatoa mfano mzuri. Wakala wa nyumba wa jimbo hilo hutoa msaada wa asilimia 2.5 au 5 ya bei ya nyumba, unaoweza kutumika kwa kianzio na gharama za mauziano. Masomo ya mnunuzi ni sehemu ya masharti. Deni la msaada hufutwa baada ya miaka saba. Lakini mwenye nyumba akiuza, au akibadilisha mkopo wake kufuata riba nafuu, kabla ya miaka hiyo kutimia, anarudisha zote.

Kwa nyumba ya dola 200,000, asilimia 5 ni dola 10,000: dola 7,000 zinaziba kianzio cha FHA na 3,000 zinapunguza gharama nyingine. Mtu aliyetoka kambini hawezi kulaumiwa akiona ni zawadi.

Kuna upande wa pili. Kwa kawaida mikopo inayoambatana na msaada wa jimbo huwa na riba ya juu kidogo kuliko mikopo ya wakala huohuo isiyo na msaada, kwa sababu jimbo hurudisha gharama zake kupitia riba. Mfano ni familia inayokopa dola 193,000 kwa miaka 30. Kwa riba ya asilimia 6.5, rejesho la mwezi, bila bima na kodi, ni kama dola 1,220. Riba ikiwa asilimia 7, rejesho linafika dola 1,284. Tofauti ni dola 64 kwa mwezi.

Dola 64 zinaonekana ndogo. Kwa miaka saba ni takriban dola 5,390. Familia iliyokaa miaka yote saba, kisha ikabadilisha mkopo kwa riba nafuu, imepata faida halisi ya dola 4,600 hivi. Iliyokaa miaka 13 bila kubadilisha mkopo imekwishazirudisha dola 10,000 zote bila kujua. Na familia iliyouza mwaka wa nne, kwa kuwa baba alipata kazi jimbo jingine, imelipa nyongeza ya riba ya dola 3,080 hivi na bado inadaiwa dola 10,000 siku ya kuuza.

Viwango hivyo vya riba ni vya mfano tu. Tofauti halisi hubadilika kila wiki na huenda ikawa ndogo zaidi. Namna ya kuhesabu ndiyo isiyobadilika. Kwa familia isiyo na akiba, msaada huo bado unaweza kuwa nafuu kuliko kulipa pango miaka mitano zaidi. Kwa familia yenye dola 10,000 benki na isiyojua itakaa wapi miaka mitatu ijayo, pengine ni hasara.

Hesabu hiyo ina faida ikifanywa mapema tu, na hapa ndipo utaratibu mzima unapoyumba. Mnunuzi mara nyingi husikia habari za darasa akiwa amekwishapata dalali, amekwishaipenda nyumba, na pengine amekwishasaini mkataba wa mauziano. Afisa mkopo humwambia kimebaki cheti. Anakitafuta kama mtu anavyotafuta mhuri wa serikali za mtaa. Anafundishwa kulinganisha benki wakati amekwishachagua benki, na kupanga bajeti ya nyumba wakati bei imekwishakubaliwa. Kulipa madeni madogo ili alama zipande huchukua miezi. Muda wa kuchukua darasa ni mwaka mmoja kabla ya kununua, au angalau miezi sita. Pa kuangalia ni muda wa cheti chenyewe, kwani baadhi ya programu hazikubali kilichozidi mwaka.

Upatu, nyumba ya Kigoma na riba

Yako maswali ambayo kitabu cha kozi, kilichoandikwa kwa Mmarekani wa kawaida, huyagusia juujuu.

Wapo wanaocheza upatu. Watu kumi wanachanga dola 500 kila mwezi, na mmoja hupokea 5,000. Fedha hizo zikiingia benki mwezi mmoja kabla ya maombi ya mkopo, mkopeshaji huona kiasi kikubwa kisichojulikana kilikotoka, naye analazimika kuuliza. Wengine hukata tamaa hapo na kudhani fedha za upatu ni haramu mbele ya sheria. Sivyo. Mwongozo wa FHA unavitambua vikundi binafsi vya kuweka akiba kama chanzo halali cha kianzio, ilimradi kuwe na kumbukumbu za michango na malipo zinazoweza kuthibitishwa. Upatu unaoendeshwa kwa maneno matupu ndio unaokwama. Mweka hazina mwenye daftari safi na risiti anaweza kuwa ndiye aliyempatia mwenzake nyumba.

Mwingine anauliza: nyumba niliyojenga Kigoma, anayokaa mama, inaninyima sifa ya mnunuzi wa mara ya kwanza? Kwa tafsiri inayotumiwa na programu nyingi, mnunuzi wa mara ya kwanza ni yule ambaye hajamiliki makazi yake makuu katika miaka mitatu iliyopita. Nyumba anayokaa mama si makazi makuu ya mtoto aliyeko Columbus. Lakini zipo programu zinazouliza mali yoyote ile. Mwenye mali aitaje mwanzoni, maana kuificha kwenye fomu ya mkopo ni kosa la jinai.

Suala la riba ni zito zaidi. Minnesota ina jamii kubwa ya Waislamu kutoka Afrika Mashariki, hasa Wasomali, na wengi hawataki mkopo wa riba. Mwaka 2022 uchunguzi wa magazeti ya mtandaoni ya Sahan Journal na ProPublica ulieleza jinsi baadhi yao walivyoingia katika mikataba ambayo muuzaji hubaki na hati miliki hadi deni lote liishe. Mnunuzi analipa kila mwezi na kutengeneza nyumba kwa fedha zake. Akikosa malipo, anaweza kuondolewa haraka na kupoteza kianzio chake. Wengine waliambiwa hakuna riba, kumbe faida ilikuwa imeingizwa katika bei. Mwaka 2024 jimbo hilo lilipitisha sheria ya kukaza masharti ya mikataba hiyo.

Hapo kuna pengo la kisera. Msaada wa kianzio kwa kawaida hufungwa kwenye mkopo wa riba, na anayeukataa mkopo huo kwa imani yake anakosa msaada, na kwa kukosa msaada analikosa na darasa ambalo lingemweleza hatari ya mkataba anaopewa badala yake. Zipo kampuni zinazotoa fedha za nyumba kwa mfumo wa ubia unaofuata sheria ya Kiislamu, na mwombaji hana budi kumuuliza mshauri kama msaada wa jimbo lake unaweza kuambatana nazo. Mashirika ya ushauri hayamzuii mtu kuja kwa sababu hakuomba msaada.

Lugha ni kikwazo kingine. Agizo la rais la mwaka 2000 lililozitaka taasisi za serikali kuu ziwajali wasiojua Kiingereza vizuri lilifutwa Machi 2025. Tangu hapo, kupata huduma kwa Kiswahili kunategemea zaidi uwezo na hiari ya shirika lenyewe. Familia nyingi humtumia mtoto wa sekondari kutafsiri. Mtoto huyo anajua Kiingereza cha shule, lakini hajui maana ya deni la pili lililofungwa kwenye hati ya nyumba, na mzazi anayemwamini hutia saini. Kumtumia dalali kama mkalimani ni hatari zaidi, kwani yeye hulipwa nyumba ikiuzwa.

Aidha, tangu Mei 25, 2025, FHA haidhamini tena mikopo ya wageni wasio na ukaazi wa kudumu, ukiacha raia wa visiwa vichache vya Pasifiki. Mkimbizi huruhusiwa kuomba ukaazi huo baada ya kuishi nchini mwaka mmoja. Ambaye hajakamilisha makaratasi hayo aanze nayo kabla hajamlipa mtu yeyote ada ya nyumba.

Wizara ya Kilimo nayo inakopesha

Wengi hawajui kwamba mkopeshaji mmoja wa nyumba Marekani ni Wizara ya Kilimo. Sheria ya Nyumba ya mwaka 1949 iliiruhusu kuwakopesha wakulima fedha za makazi, na tangu 1961 mlango ukafunguliwa kwa wakazi wa vijijini wasio wakulima. Kwa mfanyakazi wa kiwanda cha nyama au bustani ya mboga katika mji mdogo, mpango huo unaweza kuzidi msaada wowote wa kianzio, kwa kuwa kwa kawaida hautaki kianzio kabisa. Mkopo wa moja kwa moja kwa wenye kipato cha chini huenda miaka 33, na kwa baadhi miaka 38, na ruzuku inaweza kushusha riba hadi asilimia 1. Nao unamtaka mnunuzi wa mara ya kwanza apite darasani. Ruzuku hiyo pia ina mkia: nyumba ikiuzwa, au mkopaji akiihama, sehemu yake inaweza kudaiwa kutokana na thamani iliyoongezeka.

Tawi moja la mpango huo lingeeleweka mara moja kwa mtu aliyekulia kwenye msaragambo. Familia kadhaa za eneo moja hukusanywa katika kikundi, hupewa masomo na msimamizi wa ujenzi, kisha hujengeana nyumba jioni na mwisho wa wiki. Familia zenyewe hufanya takriban asilimia 65 ya kazi, na jasho hilo huhesabiwa kuwa thamani yao katika nyumba. Hakuna anayehamia kwake mpaka nyumba za wote zimekamilika.